Ungo, Jivu, Kisima

Siku mliponiaga mlinipa saa kubwa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni na inakwenda vizuri, ingawa bado sijaelewa mtu aliyemaliza zamu zake zote anahitaji saa ya nini. Mkaniomba pia niandike mambo ya kazini kwa ajili ya wale wanaoanza, na hilo nimelielewa. Vyeo sitavitaja, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaeleza nilivyofundishwa kazi ya wagonjwa wa akili na ubongo hapa Mpanda, kisha nitaeleza kosa moja nililolifanya. Kosa hilo halimo kwenye faili lolote kama kosa. Limo kama mafanikio, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nilipangiwa wodi ya mwisho kabisa, ile ambayo wenzangu waliiita "kule". Mtu akiulizwa Editha yuko wapi, anajibu yuko kule, na mdomo anaubinua. Nilikuwa msichana wa Kibende ambaye hajawahi kulala nje ya Mpanda zaidi ya wakati wa chuo, na nilikuwa na hofu ya wagonjwa wale kama mtu mwingine yeyote. Nilidhani wataniuma.

Aliyenipokea ni Mzee Ladislaus, afisa tabibu, Mfipa mwembamba aliyevaa sweta hata mwezi wa kumi, jua likiwa linapasua mawe. Vifaa vyake vyote vilienea kwenye mfuko mmoja: nyundo ya mpira ya kugongea magoti, tochi, rundo la funguo alilolitikisa nyuma ya kichwa cha mgonjwa ili ajue kama anasikia, na daftari la shule. Siku ya kwanza hakunipa sindano wala dripu. Alinipa kigoda.

"Kaa hapo kwa yule bwana wa dirishani," aliniambia. "Usimwulize kitu. Sikiliza mpaka saa sita."

Nilikaa. Yule bwana aliongea na ukuta asubuhi nzima. Saa sita Mzee Ladislaus akarudi, akaniuliza amesema nini. Nikamweleza vizuri, kwa mpangilio, mwanzo mpaka mwisho. Akatikisa kichwa.

"Hayo ni uliyoyasikia wewe. Mimi nimekuuliza alichosema."

Nilimchukia wiki nzima. Baadaye nilianza kuelewa kwamba mgonjwa wa wodi ile alikuwa amesema vipande, na mimi nilikuwa nimevishona nikavaa. Hata mtu mzima kabisa, mwenye akili zake, hawezi kuachia kipande kilale peke yake.

Alinifundisha ubongo jikoni, tukisubiri chai. Alisema ndani ya kichwa kuna seli nyingi kuliko punje zote za mpunga nitakazoziona maishani, na seli moja peke yake haijui kitu. Lakini zikiamshwa pamoja, pale zinapokaribiana pananenepa, moja inazidi kumsikia mwenzake. Zikiamshwa tena na tena zinaota vichipukizi vipya na kushikana. Kule kushikana ndiko kukumbuka. Hakuna kabati lenye picha, hakuna kanda. Kuna seli zilizozoea kuitana. Na ndani zaidi, usawa wa masikio, kila upande kuna sehemu ndogo iliyojikunja ambayo kazi yake ni kuyafunga mambo mapya yasimwagike. Homa ikiiunguza hiyo, ya zamani yanabaki lakini ya leo hayashiki.

"Sasa ngoja nikuambie linalotisha," akaendelea, akifunua sufuria ya maharage ya jana. "Kila ukilikumbuka jambo, ule mshikano unalegea kidogo, halafu unafungwa upya. Ni kama kiporo hiki. Kila ukipasha unaongeza maji kidogo, chumvi kidogo. Siku ya nne bado unayaita maharage ya Jumatatu, na ukiapishwa utaapa."

Nilicheka sana. Nilikuwa na njaa pia.

Tulikuwa tunakwenda Katumba kwenye kliniki ya kifafa, tukipanga vidonge juu ya dawati la shule, na huko ndiko niliposikia kwa mara ya kwanza kitu kilichonisimamisha nywele. Mama mmoja, mkulima wa tumbaku, alinisimulia jinsi walivyokimbia kutoka Burundi. Alitaja harufu ya kitenge cha mama yake kilicholowa, mbwa aliyewafuata mpaka mtoni akabaki ng'ambo akibweka, na mjomba aliyerudi kuchukua chungu. Aliyasema machozi yakimlenga. Alipotoka nje kuchukua dawa, dada yake mkubwa akanisogelea.

"Sista, ni kweli yote. Mbwa alikuwepo. Lakini huyu alikuwa tumboni mwa mama."

Nikamgeukia Mzee Ladislaus nikidhani atanipa jina la ugonjwa. Alikuwa anahesabu vidonge. "Usimsahihishe," alisema. "Hasemi uongo. Analiona lile jito kuliko wewe unavyoiona hii meza."

Alistaafu, akarudi Sumbawanga, akafa. Nikabaki na nyundo yake na kazi yake.

Sasa nije kwenye maneno. Mnaijua ile fomu ya kupima kumbukumbu: unamtajia mgonjwa maneno matatu, unazungumza naye mambo mengine kwa dakika tano, halafu unamwomba ayarudie. Fomu tuliyoletewa wakati ule ilikuwa na tufaha, kinanda na theluji. Nilimtajia theluji mzee mmoja wa Magamba, akaniuliza, "Hiyo theluji ndiyo nini, mwanangu?" Nikamweleza dakika tano nzima, na muda wa kipimo ukaishia hapo. Wazee wetu walikuwa wanaandikwa wamepoteza kumbukumbu kwa sababu hawajawahi kuona barafu ikidondoka kutoka juu. Jambo hilo liliniudhi. Nikasema nitatafuta maneno ya kwetu, vitu ambavyo kila nyumba ya Katavi inavyo, awe Mbende, Msukuma, Mkonongo au Mrundi. Nilikuwa uani kwangu napeta mpunga. Nikatazama mkononi, nikatazama jikoni, nikatazama pale tunapochota maji. Ungo, jivu, kisima.

Nilijisifu, siwafichi. Niliyaandika kwa wino mwekundu, nikabandika ukutani. Nilipeta mpunga tangu utotoni, na siku ile nilikuwa nawaza mpunga. Kwamba watu wanasema wachawi husafiria nini, na humwaga nini kwenye maji ya mtu, hayo sikuyawaza hata kidogo, ingawa nimeyasikia tangu nanyonya. Miaka ikapita, maneno yakafanya kazi. Mgonjwa mwenye kumbukumbu nzuri hayabebi kwenda nayo nyumbani, maana anajua yametoka wapi: ni yale maneno ya sista.

Maduhu aliletwa wakati wa mavuno ya mpunga, akiwa katikati ya watu wawili juu ya pikipiki, amefungwa khanga asidondoke. Alikuwa Msukuma wa Kasokola, mwenye ng'ombe na mashamba, hajafika miaka arobaini. Homa ilikuwa imepanda kichwani na degedege zilimpiga siku nzima kabla hawajamleta. Siku tisa hatukujua kama ni mtu au maiti. Siku ya kumi akafumbua macho, akanitazama, akasema kwa adabu kabisa, "Mwangaluka."

Nikaitikia, nikafurahi, nikaenda kumwita daktari. Niliporudi akaniamkia tena, "Mwangaluka," kwa uso ule ule wa mtu anayekuona kwa mara ya kwanza. Kabla ya saa nne alikuwa ameniamkia mara saba.

Yaliyopita alikuwa nayo yote. Alijua majina ya ng'ombe wake, alijua bei ya gunia mwaka ule, alimjua kaka yake Jilala. Ila cha leo hakikukaa. Daktari akitoka mlangoni, amefutika. Lakini kuna kitu kilichokuwa kinanitisha: kila nikiingia na trei ya sindano, hata niifunike kwa kitambaa, alivuta paja lake pembeni. Nikimwuliza mbona unasogea, anashangaa yeye mwenyewe. "Sijui, sista. Mguu tu." Kichwa hakikujua kama kuna sindano. Mguu ulijua.

Aliyemuuguza alikuwa Mayu Ngolo. Mayu kwa Kisukuma ni mama, lakini hakuwa mama aliyemzaa. Alikuwa mke mdogo wa marehemu baba yake, na mama mzazi wa Maduhu alipofariki ndiye aliyemlea tangu hajaota meno. Mke wa Maduhu alikuwa na kichanga nyumbani, kwa hiyo bibi huyu alihamia kwenye banda la wauguzaji hapo nje, akapika uji wa mtama kwa kuni kila asubuhi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka sitini. Alimnywesha kijiko kwa kijiko, akimfuta kidevu kama mtoto, na akitoka kuosha bakuli, Maduhu ananiuliza lini mayu atakuja.

Mimi nilimpima kila siku mara tatu. Ndiyo ilikuwa desturi yangu kwa wagonjwa wa namna ile, na nilijivunia bidii. Asubuhi, mchana, jioni: ungo, jivu, kisima. Kisha swali langu la pili: leo nani amekuletea uji? Baada ya dakika tano namwomba arudie maneno. Anajibu kwa upole kwamba sijamwambia maneno yoyote. Nani amekuletea uji? Hajui. Sifuri, sifuri, naandika. Ikaenda hivyo karibu mwezi.

Asubuhi moja nilimkuta amekaa kitandani, ametulia. Jilala alikuwa amekuja kumsalimia, amesimama pale miguuni.

"Sista," Maduhu akasema, "nimekumbuka kilichonipata."

Nikavuta kiti.

"Nilimwona mayu. Alikuwa na ungo. Ungo umejaa jivu. Akaja kisimani kwetu, akalimwaga jivu ndani, akakung'uta ungo, akanitazama. Ndipo nikaumwa."

Nyie mnaosoma mmeshaona. Mimi sikuona. Maneno yale nilikuwa nimeyatamka mara elfu ngapi sijui, yalishakuwa mdomoni kwangu kama moja, mbili, tatu, na mtu hasikii anapohesabu. Nilichokiona ni mgonjwa wangu aliyeshindwa mwezi mzima kushika jambo, leo ameshika. Nikamwambia, "Vizuri sana, Maduhu. Endelea." Nikamwuliza mayu alikuwa amevaa nini. Akafikiri, akasema kitenge chekundu. Nikamwuliza jua lilikuwa wapi. Akasema linakaribia kuzama. Kabla sijauliza hakuwa na kitenge wala jua. Niliviona vikija usoni kwake, kimoja kimoja, kila nilipouliza. Nikaandika yote kwenye faili, na chini nikaandika: "Amekumbuka. Maendeleo mazuri." Jilala aliitazama kalamu yangu muda wote.

Na nitawaambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mayu Ngolo alipoingia na bakuli lake, nilimtazama yale macho mekundu, mimi Mkristo, muuguzi wa miaka yote ile. Nikasogeza kiti changu mbali naye.

Siku ya pili bibi hakuja. Jilala naye hakuja. Maduhu aliisimulia habari ile asubuhi na jioni bila kuulizwa, na kila mara ilikuwa imara zaidi. Sasa jivu lilikuwa linaelea juu ya maji. Sasa mayu alikuwa amecheka. Kila kitu kingine aliendelea kukisahau, hata jina langu, ila hili halikufutika.

Siku ya tatu alilazwa mwalimu mmoja kitanda cha jirani, amepata kiharusi kidogo. Nikaketi kumpima. Nikasema kwa sauti ya kazini, "Mwalimu, nitakutajia maneno matatu. Ungo. Jivu. Kisima." Nyuma yangu nikasikia kitanda kinalia. Nikageuka. Maduhu alikuwa amejifunika shuka mpaka kichwani na anatetemeka shuka zima.

"Sista," akasema kutoka humo ndani, "mwalimu naye kamwona?"

Hapo ndipo nilipoisikia sauti yangu mwenyewe. Karatasi ilikuwa pale ukutani, wino mwekundu, juu ya kichwa changu. Tukio zima la asubuhi zetu, mimi, kiti, fomu, seli zake hazikuwa na nguvu ya kulifunga. Lakini maneno yenyewe, mara tatu kwa siku, yalikuwa yamejipenyeza na kubaki humo bila mwenyewe. Ubongo haupendi kitu kisicho na mwenyewe, utakitafutia. Mimi mwenyewe nilimpa pa kutafutia, kwa kumwuliza kila siku nani aliyekuja kwake na chakula.

Nikampigia simu Jilala. Nikamweleza kwamba yale maneno ni yangu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sista, wewe mwenyewe uliandika," alisema. "Nilikuona unaandika. Cha hospitali kikiandikwa kinakuwaje uongo?"

Mnajua yanayowapata akina bibi wa namna ile wakishasemwa. Sina haja ya kuyaandika. Nilimpigia mwenyekiti wa mtaa wao, akanihakikishia kwamba hakuna atakayemgusa, wazee wameamua kwanza akiri mwenyewe. Kila siku wanakwenda wawili watatu nyumbani kwake, wanakaa naye, wanazungumza kwa utaratibu. Nikashukuru Mungu kwamba wanazungumza tu.

Nilihitaji ushahidi ambao Jilala angeuona kwa macho. Nikabandua karatasi ya ukutani. Nikachukua maneno mengine: baiskeli, mwavuli, chumvi. Nikamwambia Maduhu sio mara tatu kwa siku, mara kumi na zaidi, nikimwuliza tena na tena habari ya uji na nani aliuleta. Sioni fahari. Nilikuwa napanda kitu ndani ya mtu nikijua napanda. Siku ya tano akanishika mkono, akanisimulia. Nikamwita Jilala, akaja, akasimama pale pale miguuni.

"Mayu alikuja kwa baiskeli," Maduhu alisema, na kijasho kilimtoka kwa hofu ya kweli. "Alikuwa na mwavuli, ameufungua, na mvua hakuna. Akasimama kisimani akamwaga jivu. Na chumvi. Alimwaga na chumvi. Naiona inavyong'aa."

Jilala alimsogelea ndugu yake, akamfuta kijasho.

"Mayu hajawahi kupanda baiskeli," alisema. "Hata kubebwa nyuma anaogopa." Kisha mtu mzima yule, mwenye ng'ombe wasiohesabika, akakaa chini kwenye sakafu ya wodi akalia.

Saa hiyo hiyo tulikwenda Kasokola kwa pikipiki yake. Mwenyekiti akawakusanya wazee. Nilisimama mbele yao na karatasi yangu ya wino mwekundu mkononi, nikasema maneno haya yalitoka kwangu, nikamtia mgonjwa kichwani, yeye hana kosa na bibi hana kosa. Mzee mmoja akauliza kama hayo maneno niliyaokota kazini au nilitumwa na mtu. Mwingine akasema basi mchawi kapatikana, kavaa sare nyeupe. Walicheka kidogo. Mimi pia nilicheka, kwa woga. Lakini Jilala aliposimama na kueleza habari ya baiskeli, wakatazamana, na mkubwa wao akasema jambo limekwisha, mama yao asisumbuliwe tena.

Nikaomba niende kumwambia mwenyewe. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya zizi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, amekonda, mikono ameiweka mapajani viganja vikitazama juu kama vitu vya mtu mwingine. Nikapiga magoti. Nikamweleza yote, polepole, mara mbili. Nikamwambia, mama, umeachiwa, hukufanya.

"Umechelewa, mwanangu," akasema.

Nikamwuliza nimechelewaje wakati hakuna aliyemgusa.

"Siku nane wanakuja. Wanakaa hapo ulipokaa. Hawakunitukana hata mmoja. Wananiambia tu, mayu, kumbuka, ulichukua ungo. Mayu, kumbuka, jua lilikuwa linazama. Mwanzoni nilikuwa nakataa. Halafu nikawa nakataa na huku naona." Akainua mkono wa kulia, akausogeza karibu na macho. "Jivu lilikuwa la baridi. Lilikuwa limepoa. Nilivyolimwaga lilikaa juu ya maji kwanza, halafu likazama. Huu ndio mkono."

"Mama, hukufanya. Ni maneno yangu."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto anayemtetea.

"Wewe hukuwepo," alisema.

Nilikuwa nimesimama mara nyingi mbele ya wagonjwa wanaoona visivyokuwepo, na sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa mbele ya bibi yule mwenye akili timamu. Nilimwuliza kwa nini afanye jambo kama lile kwa mtoto aliyemlea. Akasema hilo ndilo analolitafuta usiku na mchana, na bado hajaliona. Akaniuliza kama tuna dawa ya kuliondoa. Nikamwambia hatuna. Alihama wiki ile ile, akaenda Magamba kwa binti yake, akaapa kwamba mikono yake haitamgusa Maduhu tena.

Maduhu alipona pole pole, si kwa ukamilifu. Ajabu ni kwamba nilipoacha kumpima na kumwuliza, habari ya kisima ilianza kufifia. Mwezi wa pili haikuwa na baiskeli. Mwezi wa tatu ilibaki ungo tu, hakujua ungo wa nini. Kisha ikaisha. Akaja kliniki kila mwezi na Jilala, na kila mwezi aliniuliza jambo moja: "Sista, mayu yuko wapi? Mbona haji kuniona? Nimemkosea nini?" Miaka miwili aliniuliza hivyo. Aliyeitunga habari alikuwa ameisahau, na asiyefanya kitu alikuwa anaikumbuka yote.

Nilikwenda Magamba mara nne katika miaka hiyo. Kila mara nilimweleza Mayu Ngolo ukweli, nikamwonyesha mpaka karatasi. Kila mara alinipikia, akanisindikiza, akabaki na mkono wake. Mara ya nne nikagundua kitu: kwa kila kumweleza nilikuwa nalipasha moto jambo lile upya. Alikuwa sasa anakumbuka na sauti ya jivu.

Mwezi niliostaafu nikaenda mara ya tano. Sikubeba karatasi. Tulikaa, tukaongea habari za mahindi. Kisha akaniuliza, kama kawaida, kama Maduhu ni mzima, na safari hii akaongeza, "Anajua nilichomfanyia?"

Miaka yote nilifundisha wanafunzi wasimtie mgonjwa maneno mdomoni.

"Anajua," nikasema. "Amekusamehe. Anasema uje."

Hakulia. Aliingia ndani, akatoka amebadili kitenge, amevaa viatu, akauliza kama bodaboda itatufikisha kabla jua halijawa kali.

Maduhu alikuwa zizini anafunga ndama. Alipomwona aliacha kamba ikaanguka. Mayu Ngolo hakumpa nafasi ya kusema. Alipiga magoti kwenye samadi, mbele ya mtoto aliyemlea, akasema, "Baba, nisamehe." Maduhu alicheka kwa aibu, akamshika mabega amwinue, akisema nimeshakusamehe, mayu, inuka, nimeshasamehe, kama watu wanavyowaitikia wazee ili yaishe. Walikumbatiana mpaka ndama akakimbia.

Kisha Maduhu akanigeukia juu ya bega la bibi. Siku hizi ubongo wake unashika. Si vyote, lakini akiambiwa jambo mara moja kwa uzito, linakaa.

"Sista," akaniuliza taratibu, "kwani mayu alinifanyia nini?"

Jilala alikuwa amesimama mlangoni pa zizi, ameziba mdomo kwa kiganja. Bibi alikuwa amefumba macho, anasubiri kusikia.

"Alikawia kuja kukuona," nikasema.

Maduhu akafikiri, akaridhika, akaenda kumkimbiza ndama.